Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Basi halijafika hata kituo cha pili, fundi cherehani akafungua kopo la vifungo mapajani. Kifungo hakikuwamo hata kimoja. Mlikuwa na vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kwenye nyumba tatu za mtaani, amevipanga kwa rangi, maana kazi ni mazoea.

"Vya nani hivyo, dada?" akauliza jirani yake wa kiti, bwana wa maabara mwenye kitambulisho shingoni.

"Vya mama. Ana kidonda mguuni, mwezi wa tatu huu. Dozi ya kwanza kaimaliza, kidonda kimemcheka tu."

"Huenda bakteria wake wana mkasi. Wanatengeneza kimeng'enya kinachokata dawa kabla haijawadhuru. Maelekezo yake yamo kwenye jeni zao."

"Kama karatasi ninayokatia nguo."

"Hiyohiyo. Na wanapeana nakala, hata wasio ndugu."

Fundi akaguna. "Basi ni mafundi wa mtaani kwetu. Ukishona mtindo Jumatatu, Ijumaa kila duka linao."

"Sasa ukimpa hivyo vya rangirangi, utawaua wasio na mkasi, wenye mkasi uwaachie uwanja. Mpeleke wampime usaha, ijulikane dawa ipi haikatiki."

"Hospitali hataki kuisikia, kaka. Kaniambia nikifika mikono mitupu, nigeuze."

Bwana akakirudisha kitambulisho ndani ya shati. Mama za watu hawapimwi maabara.

Basi likasimama. Mama alikuwa kituoni, kwenye stuli, mguu umefungwa kitambaa, mkono tayari ameunyoosha. Fundi akalisukuma kopo ndani kabisa ya mkoba, akashuka akitafuta la kusema.