Marehemu Shi Neilian, Aliyekata Mtande

Ndugu waombolezaji, wazee wa ukoo na majirani wa Dengpo, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mama yetu, Shi Neilian, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1946 hapa hapa Dengpo, Guizhou, mtoto wa pili wa mzee Shi Laogen na mama Wu Xinyue.

Marehemu alianza shule mwaka 1955, akaipenda hesabu kuliko sindano, lakini mwaka 1958 alitolewa, kwa kuwa mjomba wake alishamdai awe mke wa mwanawe, kama ilivyokuwa desturi kwetu Wadong, na bibi harusi asiyejifumia nguo ni aibu ya nyumba mbili.

Aliolewa tarehe 2 Desemba 1963 na binamu yake huyo, Wu Shengkai, akatoroka mara mbili, na mara zote mjomba akamrudisha kabla hajavuka mto. Tangu hapo alikaa kwenye kitanda cha kufumia, mkanda wa kukaza nyuzi kiunoni, akafuma, akachovya vitambaa kwenye rangi ya buluu ya nili, akavigonga kwa nyundo ya mti na kuvipaka ute wa yai mpaka vikang'aa. Sifa zake zilivuma, na mwaka 1981 karakana ya kufuma nguo ya mjini ikamwita akafundishe. Mumewe akaichoma ile barua jikoni.

Alijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 17 Juni 1967. Mwaka 1985 kaka wa marehemu, Laoqing, mjomba wa binti huyo, alikuja kumdai kwa ajili ya mwanawe, kwa desturi ile ile, akauliza, "Dada, nguo za harusi lini?" Marehemu akachukua mkasi, akakata mtande wote, nyuzi zilizotandazwa kwenye kitanda cha kufumia, kazi ya miezi mitano, akasema, "Nguo hakuna, kaka, na bibi harusi hakuna. Kaa ule wali."

Kwa hilo mumewe hakumsemesha miaka kumi na mmoja, na wanawake wenzake wakamtenga kwenye mapipa ya nili. Binti alikwenda chuo cha ualimu, naye ndiye mimi, Wu Peiyin, ninayewasomea.

Baba alipofariki mwaka 2009 nilikuja kumchukua mama tukaishi mjini, tukapanda basi, akashuka kabla halijaondoka, akaniambia, "Mwanangu, nimefungwa mkanda huu miaka arobaini na sita, ukiufungua leo nitaanguka."

Aliugua mapafu tangu Agosti 2021, akafariki tarehe 6 Novemba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitano.

Tunawashukuru daktari na wauguzi wa wilaya, majirani waliombeba mpaka barabarani, na wafumaji wenzake, hata wale waliomtenga, kwa kumvika nguo za maziko kwa mikono yao.

Mama, ulinifungulia njia usiyoipita wewe. Pumzika, amani iwe yako.