Fundi Zima-Washa na Simu ya Mshonaji

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa simu tuliyemzika juma lililopita. Sote tulimwita Zima-Washa. Ukimpelekea simu isiyoshika mtandao, neno lake la kwanza lilikuwa hilo: zima, subiri kidogo, washa. Na mara nyingi, amini usiamini, simu ilipona. Watu walinuna. Walitaka aifungue, atoe vyuma na jasho, ndipo waone wamehudumiwa.

Isipopona, alitoa laini, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha. Kisha aliingia kwenye mipangilio, akaiambia simu iache kuhangaika na mtandao wa kasi usiofika vizuri, ishike ule wa zamani, wa polepole lakini hauyumbi. Yote hayo huku anakutania.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja mshonaji. Kila akiongea na dada yake aliye mji mwingine, simu inakatika. Dada akianza tu kutoa nasaha, kimya. Dada akaona anakatiwa makusudi. Binti yake alikuwa anaolewa, na gauni la harusi akampa mtu baki alishone. Hebu fikirieni, mama mdogo ni mshonaji, halafu gauni la binti lishonwe na mtu baki. Lilimuuma yule mama, wapendwa. Lilimuuma hadi usingizi ukapotea.

Zima-Washa alijaribu dawa zake zote. Kibandani kwake simu inashika vizuri; ikirudi kwa mshonaji, inakatika. Basi akafunga kibanda, akamfuata.

"Mama, nipigie mimi," akamwambia, "na ushone kama kawaida yako."

Mshonaji akapiga, akaweka sauti ya juu, halafu akaitumbukiza simu kwenye mkebe wa bati wa nyuzi. Humo sauti ilivuma vizuri, na mikono ikabaki huru kushona. Mara simu ikakatika.

Fundi alicheka mpaka akaegemea cherehani. "Mama, bati linazuia mtandao. Dada yako unamfungia kwenye kopo."

Wakampigia dada palepale, fundi mwenyewe kaishika simu dirishani.

"Leo umekumbuka kunisikiliza?" dada akauliza.

"Dada, sijawahi kukukatia. Nilikuwa nakuweka kwenye mkebe."

Dada akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio. "Gauni lenyewe limeharibiwa kiunoni," akasema. "Njoo uliokoe, mdogo wangu." Bibi harusi aliingia ukumbini na gauni lililookolewa na mama yake mdogo.

Jana mjane wa fundi alinieleza, anacheka na kufuta machozi: "Za watu alizitengeneza. Mimi nyumbani niliongea kwa simu nimesimama juu ya ndoo ili nipate mtandao. Nikilalamika, anakuja kunishikia ndoo isiyumbe." Akaongeza: "Nitamkumbuka kwa hilo."

Kwako mama mjane, kwa watoto na ukoo mzima, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, labda kuna ndugu mliyenuniana naye kwa sababu simu ilikatika katikati ya neno. Huenda naye anangoja upige wewe. Mpigie leo. Fundi wetu hayupo tena wa kuja kuwapatanisha.