Fomu Imefika, Umri Umepita

Benchi la nje ya kibanda cha fundi viatu lina mguu mmoja wa tofali, na wanaolikalia wanajua kukaa bila kuliyumbisha. Asubuhi hiyo Soli, mwenye kibanda, hakuwa na hamu hata ya kahawa. Binti yake alihojiwa na mradi wa vijana akiwa na miaka kumi na saba, akahojiwa tena akiwa na ishirini, tena na ishirini na tatu, na kila mara jibu lake lilikuwa lile lile: nataka kusomea ufundi wa majokofu. Jana nafasi za mafunzo zilitangazwa. Mwisho wa umri, miaka ishirini na minne. Binti katimiza ishirini na mitano mwezi uliopita. Alilisoma tangazo, akalikunja, akaenda kufua.

— Usijali, ndugu yangu, alisema Profesa, karani mstaafu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

— Miaka minane, Profesa. Haraka iko wapi hapo?

— Utafiti una mambo yake, bwana. Lazima majibu yachujwe.

— Wachuje nini? Kasema neno moja tu, majokofu.

Spika, fundi redio, akapuliza kahawa yake.

— Samaki mkunje angali mbichi. Huyo wako keshakauka.

— Kakaukia mikononi mwao, Soli akasema. Akajifanya anatafuta gundi. Ilimuuma, basi tu.

Profesa akasogea karibu.

— Mimi naona ni makusudi. Wanawachunguza vijana mpaka wazeeke, halafu waombe fedha za mradi wa wazee.

— Wewe umechelewa, Spika akamkatiza. Kule makao makuu wanaye kijana mmoja wa mfano. Anakaa ofisini, kwenye kiyoyozi. Wetu wote wanapimwa kwake. Yule hazeeki.

— Nani kakwambia?

— Shemeji yangu alipeleka barua pale. Kamwona dirishani.

— Basi hiyo nafasi wampe yeye, Soli akasema. Kiyoyozi kikiharibika atakitengeneza mwenyewe.

Walicheka kidogo, wakaacha.

Hapo akafika dada mmoja mwenye fulana ya mradi na kishikwambi mkononi. Hawakumjua; wa safari iliyopita alikuwa mwingine.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanetu.

— Tunaanza utafiti mpya. Sitawachosha. Akamgeukia Soli. Mzee, nyumbani kwako kuna kijana?

Soli akaokota kiatu, akakigeuza. Profesa akamtazama Spika, Spika akatazama kikombe, nacho kilikuwa kitupu. Ng'ambo ya uchochoro binti alikuwa akianika mashati ya baba yake, akiyakung'uta moja moja. Dada alisubiri, kidole juu ya kioo, aguse ndiyo au hapana.