Madaftari Matatu ya Viwanja

Aliyeniambia kwanza ni Mwatumu, tukichota maji: "Mama Rehani, jina la mkweo limekatwa kwenye viwanja." Nilijitwisha ndoo, nikaondoka. Kijiji chetu kipya cha ujamaa hapa Sindeni kilipopimwa, mama mkwe, bibi Hamisa, alipewa namba kumi na nne, ubavuni mwangu. Macho yake hayaoni vizuri. Akipelekwa mwisho wa kijiji, nani atamshika mkono asubuhi? Jioni nikapeleka kashata zangu kijiweni, mbele ya cherehani ya Mhina, maana ndipo wenye madaftari wanapokunywa kahawa. Orodha moja ilinakiliwa mara tatu ili kazi iende upesi, kila mwenye daftari akachukua lake na kulisahihisha kivyake. Kesho yake adhuhuri ilitakiwa moja tu, iende wilayani.

— Kwangu bibi Hamisa yupo, kumi na nne, alisema Sadala, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

— Kwangu amekatwa. Yupo Fabiani, alisema mzee Yordani. Huyu tunamwita Mkonge, amefanya kazi shamba la mkonge Korogwe miaka ishirini.

— Kwangu wapo wote wawili, akasema Mbaruku, katibu wetu, kwa sauti ndogo.

— Basi walale mzungu wa nne, kichwa kwa miguu! akacheka Redio.

Nilitazama kashata zangu.

— Wee Redio! Mama wa watu huyo, alifoka Mkonge.

— Natania, mzee. Tufuate daftari langu, nimeongeza watu tisa.

— Na niliowaondoa mimi kwangu, wafufuke?

— Basi tufuate lililo nene.

— Lako nene kwa sababu umelimwagia uji!

— Tubaki na daftari moja, alisema Mbaruku. Tulifunge mnyororo mezani, mwenye neno apange foleni.

— Foleni hiyo mpaka mahindi yatuotee kichwani! alidakia Redio. Mimi nasema tuyachane madaftari yote. Tupige filimbi, watu wakimbie, kila mtu atakapofika ndipo kwake.

— Na bibi Hamisa atakimbiaje? aliuliza Mkonge.

Redio akaweka kikombe chini.

— Yule ndiye aliyenipokea nilipozaliwa, akasema polepole.

Hapo akafika Bernadina, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, aliyehamia wiki ile kutoka Lutindi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu.

Aliinama juu ya daftari la Mkonge.

— Jina hili alilikata nani? Na kwa nini?

Mkonge aligeuza ukurasa, akaurudisha. Daftari lilikuwa limepita nyumba nyingi. Redio akamtazama Mbaruku, Mbaruku akatazama kahawa yake.

Mwishowe katibu akanigeukia.

— Mama Rehani, wewe ulimaliza darasa la saba. Mwandiko wako naujua, barua za watu unaandika wewe. Utatusaidia kuyaunganisha yawe moja?

Nilitikisa kichwa. Sijui kama nilikubali au nilikataa, ila madaftari yote matatu nilirudi nayo nyumbani.

Asubuhi yake nilimfunga Rehani mgongoni, nikaanzia kwa Fabiani.

— Kumi na nne? alishangaa. Mama, mimi niliomba karibu na zizi. Nilijikuta nimeandikwa tu.

Nikafungua ukurasa safi, pale pale mlangoni kwake, nikaandika: "Hamisa amerudishwa namba 14. Fabiani amekubali." Chini nikaweka tarehe, na jina la aliyebadili. Sikuandika Mama Rehani. Niliandika jina langu lote, Swaumu Sefu, kwa wino.