Siku Shangazi Aliposimama Hewani

Mimi nilikuwepo. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wameshaanza kuisimulia habari hii mtaani, na siku hiyo hata kivuli chao hakikupita pale. Mimi nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi, upande wa karibu na birika, kiatu cha mteja mapajani, sindano mkononi, na macho haya mawili yaliona kila kitu, mengine hata kabla hayajatokea. Benchi lenyewe lilikuwa geti. Vipimo vya Cheche, fundi wetu wa kuchomelea, huchukuliwa na binti yake, ndiyo maana huyo binti tunamwita Kipimo. Siku moja binti hakuwepo, Cheche akapima mwenyewe, na geti likagoma kuingia kwa mwenye nyumba. Tukaliwekea miguu, likawa kijiwe. Hapo, mbele ya karakana ya Cheche, Bi Birika huuza kahawa, Kapteni hutoa amri, na Methali, muuza mitumba, hutoa methali, ihusu isihusu.

Majuma hayo tulikuwa tunaizunguka dunia kwa simu ya Cheche. Kulikuwa na mwanamke mmoja, rubani, anayeizunguka peke yake kwa kindege cha injini moja, kidogo kama kibanda cha kuuzia vocha, na mahali alipo palionekana kwenye ramani ya simu kama nukta nyekundu. Jina lake lilikuwa refu, la kwao huko, ulimi haukulipenda. Tukamwita Shangazi, maana ni vigumu kumwombea dua mtu ambaye hamna undugu naye. Kipimo ndiye aliyemwekea baba yake ramani ile. Msichana alikuwa amepata nafasi chuo cha urubani, wafadhili wamebeba kila kitu, kilichobaki ni ruhusa ya baba. Na Cheche, badala ya kusema ndiyo au hapana kama wazazi wengine, akatamka mbele yetu sote: "Huyo mama akivuka bahari kubwa salama, utakwenda. Asipovuka, utabaki hapa unipimie mageti."

Siku ninayoisimulia, chuo kilitaka jibu kabla ya jioni. Na siku hiyohiyo nukta ikasimama. Katikati ya maji.

— Haitembei, Cheche alisema. Tangu asubuhi ipo palepale.

— Ilete hapa, Kapteni akaamuru.

Kapteni alipakia mizigo uwanja wa ndege miaka na miaka. Ndani ya ndege hajawahi kukaa, ila masanduku aliyoyasukuma tumboni mwa ndege hizo ni mengi, na kwa hesabu yake hiyo ni elimu inayotosha. Aliisogeza simu mbali na uso, akaikaribisha, akaufuta ufa wa kioo kwa kidole kana kwamba ni uchafu.

— Hapa amepumzisha injini. Ndege ndogo haiendi mfululizo kama basi. Inafika juu, rubani anaweka gia huru, inaelea. Injini ikipoa anaendelea.

— Inaelea juu ya nini? nikamuuliza.

— Juu ya hewa. Kwani wewe umekaa juu ya nini?

— Juu ya geti.

— Basi ndiyo hivyo.

Nikaona nisipoingilia, watu watapotoka. Nikawakumbusha kwamba katika benchi zima ni mimi peke yangu niliyewahi kushika kiatu cha rubani. Kililetwa nikibadilishe soli, na soli ya mguu wa kulia ilikuwa imelika kuliko ya kushoto. Maana yake nini? Ndege huongozwa kwa mguu wa kulia. Mtu akikaa juu muda mrefu mguu unakufa ganzi, na mguu ukifa ganzi, ndege inasimama.

— Rubani gani huyo? Bi Birika akadakia. Yule si mlinzi wa pale benki?

— Alikuwa na sare.

— Hata mimi nina aproni.

Akajaza vikombe, kisha akasimama akiwa ameshika kiuno, birika likining'inia.

— Nyie wanaume mmeng'ang'ania injini na miguu. Mtu kaingia humo tangu jana, peke yake, na chupa ya kahawa kaibeba. Niambieni, choo kiko wapi?

Hatukuwa tumelifikiria hilo.

— Mnaona? Pale chini kuna meli. Ameshuka akapiga hodi.

— Ndege itue juu ya meli, dada yangu? Kapteni akauliza.

— Mwenye haja haangalii ukubwa wa uwanja.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, Methali akasema, kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kesi.

— Baharini kuna uvungu? nikamuuliza.

— Nasema ameinamisha ndege. Na hata akidondoka majini, kwa njaa hafi. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Methali, Cheche akasema, nakuomba uniache.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo tukamtazama Cheche vizuri. Alikuwa amechuchumaa mbele ya dirisha la chuma alilolichomelea tangu asubuhi. Lilikuwa dirisha zuri, viungo safi, ila bawaba zote alikuwa ameziweka juu.

— Fundi, hili litafunguka kuelekea wapi? Bi Birika akamuuliza.

— Juu.

— Na nani atalishikilia?

— Bi Birika, na wewe niache.

— Msimsumbue mzazi, Kapteni akasema. Mimi jambo lenyewe nimeshalielewa. Hebu nijibuni, dunia inazunguka au haizunguki?

— Inazunguka, Methali akajibu. Hata shuleni walisema, kabla sijaacha.

— Sasa kwa nini mtu achome mafuta? Shangazi ana akili. Kapanda, kasimama. Anaiacha dunia ipite chini yake. Nchi zitapita mojamoja, na kwao kukifika anashuka.

Ilikuwa nadharia tamu, nikaumia kwamba haikuwa yangu. Ili nisipitwe kabisa nikaongeza kwamba ndiyo maana abiria wa ndege kubwa hushuka wamechoka ilhali walikaa tu kwenye viti. Kuzungukwa nako ni kazi.

Cheche akafikiri. Fundi ni fundi, hata akiwa na hofu.

— Kama dunia inapita chini yake, mbona nukta haihami? Si ingekuwa imeshafika juu ya nchi nyingine?

Kapteni akanywa kahawa polepole, mpaka kwenye mashapo.

— Ramani nayo inazunguka.

Hapo hata Bi Birika alitikisa kichwa kwa heshima.

— Usisafirie nyota ya mwenzio, Methali akatoa nyingine. Wahenga mambo ya ramani waliyajua zamani.

— Wahenga walikuwa na ndege? Kapteni akamuuliza.

— Walikuwa na ungo.

Na mimi hapo nikapata mlango wangu. Nikawaambia kisa kiko hapohapo kwenye ungo. Shangazi amekutana na wenye njia yao. Wale husafiri bila taa, bila kelele, na huwa hawapendi kupitwa. Wamemsimamisha pembeni, wanamkagua. Mmoja anazunguka nyuma kutazama mkia, mwingine anamuuliza mbona yuko peke yake na viti ni viwili.

— Na yeye anawajibu nini? Bi Birika akauliza. Alikuwa ameliweka birika chini kabisa.

— Anawaambia hana haraka.

— Amekufa, Cheche akasema.

Hakulisema kwa nguvu. Alikuwa ameichukua simu yake kutoka kwa Kapteni na kuishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto.

— Nyie mnacheza. Nukta ikisimama kwenye maji, mtu amekufa. Na mimi nilishasema mbele yenu, asipovuka, mtoto hana safari. Tangu apate ile nafasi natafuta sababu ya kumkatalia. Sasa nimeipata. Nimekaa nayo hapa tangu asubuhi, mbona haishuki kooni?

Kapteni akainua kikombe chake, akakuta ni kitupu.

Na Kipimo akatokea. Kijiweni huwa haketi, hupita tu akasalimu, futi yake ya chuma imefungwa kiunoni. Siku hiyo alisimama.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitika, kwa sauti za kwenye matanga.

— Kuna nini?

Bi Birika alianza kulifunika birika ambalo tayari lilikuwa na kifuniko. Mimi nikatia uzi kwenye sindano iliyokuwa na uzi. Cheche akamwelekezea simu.

— Yule mama hakuvuka, mwanangu. Na tulikubaliana.

— Ulikubaliana na nani, baba? Mimi nilikuwa nimenyamaza.

— Mwanangu...

— Nakuuliza kitu kimoja tu. Fundi aliyekufundisha kazi, jicho lake moja lilikwenda wapi?

Kisa hicho mtaa mzima unakijua. Mzee yule alichomelea pipa lililokuwa na mabaki ya petroli, likamlipukia, na Cheche kijana akiwa pale ameshika upande wa pili.

— Pipa lilikwenda nalo, Cheche akasema. Unajua.

— Na kesho yake wewe ulikwenda wapi?

Basi. Swali lenyewe ni hilo, hata mtoto wa chekechea angeliuliza. Cheche alimtazama Kapteni. Kapteni akanitazama mimi. Mimi nikakitazama kiatu. Methali alifungua mdomo, tukamsubiri kwa hamu kuliko siku zote, akaufunga.

Ndipo Cheche akainuka, akaweka mkono kifuani, na kwa sauti iliyosikika mpaka kwa kinyozi upande wa pili akasema: "Mwanangu, kesho yake nilikwenda kazini. Chuma hakikunisubiri mpaka niache kuogopa, na anga nayo haitakusubiri mpaka mimi niache kuogopa. Nilikufunga mguu kwa kamba ya mtu mwingine, leo naikata. Nenda. Na ukifika juu, utazame chini, ukiona nukta nyekundu inawaka, ujue baba yako yuko kazini."

Bi Birika alilia waziwazi, akamimina kahawa pembeni ya kikombe, kwenye kidole cha Kapteni, na Kapteni hakulalamika.

Kipimo akaichukua simu, nadhani apate pa kuweka macho. Akabonyeza, akabonyeza tena.

— Baba, hii haina bando.

— Haina nini?

— Bando limeisha. Hii ni picha ya alfajiri.

Akaiwasha yake, akaziunganisha. Nukta ikaruka kama kiroboto mpaka nchi kavu. Shangazi alikuwa ameshatua muda mrefu. Palikuwa na picha yake ameegemea bawa la kile kindege, nywele timutimu, anakunywa kitu kwenye kikombe cha bati.

— Niliweka bando la wiki nzima, Cheche akasema. Nani kalila?

Kipimo alitazama simu ilivyotumika, kisha akamtazama Kapteni, ambaye ndiye huishika Cheche akiwa kazini, na usiku huo alilala nayo.

— Ulisema unaangalia hali ya hewa, baba mdogo.

— Ndiyo.

— Hapa ni masumbwi. Usiku kucha.

— Ulingo ulikuwa wa nje, Kapteni akasema. Nilikuwa naangalia mawingu kwa nyuma.

Kipimo akaondoka akikimbia, futi ikigonga pajani, kwenda kuwapa chuo jibu. Sisi tukabaki kubishana kama Shangazi pale alikunywa chai au kahawa.

Yote haya ni kweli tupu, na anayebisha aje nimwonyeshe benchi. Ila moja niliseme, maana Cheche mwenyewe ataisoma habari hii. Ile hotuba ya kamba na nukta nimeishona mimi. Nilimwona mtu amefika mahali pakubwa namna ile, nikaona si vizuri kumwacha apite peku. Kwa kweli Cheche hakuinuka wala hakuweka mkono popote. Alisema "nenda," basi, na hilo nalo alilisema ameinama, akipapasa chini ya benchi kutafuta miwani yake ya kuchomelea. Miwani ilikuwa kichwani kwake. Sote tuliiona, na hakuna aliyemwambia.