Mwalimu wa Leo

Juzi kwenye basi nyuma yangu alikaa binti mmoja na mama fundi cherehani. Hawajuani, ila wanaongea, na masikio yangu bado mazima, nifanyeje?

Binti anasema, "Mama, mwaka wa nne huu natafuta kazi. Nashikia tu vipindi vya walimu wagonjwa. Watoto wananiita Mwalimu wa Leo, maana kila wakiuliza nipo mpaka lini, najibu leo."

Mama akacheka, halafu akajuta kucheka.

Sasa asubuhi ile binti ameitwa usaili, ukarani kwenye ghala la saruji. Na shule nayo imempigia: mwalimu wa la pili kajifungua, njoo ushikie miezi mitatu.

"Nenda ghalani, mwanangu. Kushikia ni kushikia tu, mwenyewe akirudi unaachia."

"Najua, mama. Ila kuna katoto pale kameanza kusoma. Kananisomea mimi tu, kwa kunong'ona."

"Kanong'one kwa mwingine! Wewe utakula minong'ono?"

Nilitaka kugeuka niseme mimi shule niliishia la pili, mwalimu wetu alihama, hakuja mwingine. Lakini nani kaniuliza?

Konda akapiga kelele, "Shule! Wa shule washuke!" Basi likasimama. Binti akainuka, akakaa, akainuka tena.

Kituo changu kilikuwa bado mbali. Nikasimama mimi, nikateremka ngazi moja moja, taratibu, konda ananisonya, ili mtoto wa watu apate muda wa kufikiri.