Honi Anataka Kuhamia Rarotonga

Kijiwe chetu ni benchi lililo nje ya duka la mikate hapa Bluff, kusini kabisa mwa Nyuzilandi, ambako upepo hutoka baharini na kuingia moja kwa moja kwenye kola. Daktari alitukataza kukaa nje mwezi wa Julai, nasi tukamkatalia. Hapo utamkuta Hakimu, ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani ila kesi zote za mji anazo yeye. Utamkuta Mrefu, mfupi kuliko sote, aliyefungua chaza kiwandani mpaka vidole vikapinda. Utanikuta mimi, na utamkuta Honi, aliyeendesha basi la shule mpaka akastaafu. Jina lake ni Noeline, lakini siku hizi hilo hulitumia mchungaji tu.

Asubuhi hiyo Honi alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Rarotonga, kisiwa cha joto kilicho mbali kaskazini mwetu. Pua imebabuka kwa jua, na hakohoi. Kukohoa ndiko kulikompeleka. Tangu Ted, mumewe, afariki, kila kipupwe kifua humbana mpaka anapelekwa hospitali, na daktari alimwambia wazi kwamba baridi ya hapa itammaliza. Kwa hiyo alikwenda kupaona mahali pa kumalizia uzee. Huko akapata mwenyeji, Mama Tepaeru, mwenye kijumba cha uani cha kupangisha. Mama huyo alikuwa anasubiri jibu lake mpaka Jumapili.

— Haya, lete habari, Hakimu akamwambia. Na usitupige kamba.

Honi akamwagika. Kule kuku hawana mwenyewe. Papai likianguka barabarani, aliye karibu anaokota. Kanisani watu huimba mpaka unahisi mbao za benchi zinatetemeka, na ibada ikiisha mgeni haruhusiwi kuondoka na njaa. Kilichomkosha zaidi, maana dereva ni dereva tu, ni mabasi. Moja huzunguka kisiwa kwa kulia, lingine kwa kushoto, na dereva husimama popote mtu alipoinua mkono. Akikuona umechelewa anakungoja, huku abiria wakiendelea kupiga soga. Honi alisema aliona wivu.

— Siri iko kwenye hilo basi la kushoto, alisema Mrefu.

— Siri gani tena?

— Linakwenda kinyume cha saa. Ukilipanda kila siku huzeeki. Mtazameni Honi alivyonawiri.

— Mimi nilipanda la kulia, alisema Honi.

— Basi una bahati. Ungepanda la kushoto ungerudi hapa umevaa sare za shule.

Hakimu akasema huo ni ujinga, jambo lenyewe ni la kitaalamu. Damu ya mtu wa Bluff ni nzito kama mafuta ya kondoo. Ukiipeleka kwenye joto inayeyuka, na ikishayeyuka haigandi tena hata umlaze mtu kwenye friza. Kwa hiyo kisheria Honi ameshahama, kilichobaki ni mizigo. Mrefu akadakia kwamba ndiyo maana watu wa kule wanaimba vizuri, damu nyepesi inafika kooni haraka. Mimi nikawaambia hakuna mtu mzima anayehama kwa sababu ya papai. Nilisema kwa ukali, na ukweli ni kwamba sikutaka aende. Ninakaa naye kwenye benchi hili kila siku ya Mungu, na hao wawili peke yao siwawezi.

Ndipo Honi akatusimulia alivyojiaibisha. Asubuhi ya kwanza alijimiminia kahawa, akatoka nje kutafuta mahali pa kukaa, maana mtu wa kijiweni bila benchi hata kahawa haishuki. Mbele ya nyumba ya Mama Tepaeru akaona kitu kipana cha zege, kimepigwa vigae vyeupe, kina paa la bati na maua pembeni. Akakaa, kivuli safi kabisa. Wapita njia wakampungia mkono, naye akawapungia. Kesho yake akakaa tena, miguu juu. Siku iliyofuata Mama Tepaeru akamletea mto wa kukalia.

— Umemkalia mume wangu miguuni, akamwambia. Ila usiinuke. Anapenda watu.

Kahawa ilimtoka Hakimu puani. Tulicheka mpaka mwenye duka akachungulia dirishani. Honi akaeleza kwamba kule watu humzika mtu wao hapo hapo nyumbani, mbele ya mlango. Mama Tepaeru humfagilia mumewe kila asubuhi, na timu yake ya raga ikifungwa humficha matokeo. Hakimu akatoa hukumu kwamba watu wa Rarotonga wana akili kuliko serikali yoyote, kwani nani atathubutu kununua nyumba ambayo mwenyewe bado yuko mlangoni? Mrefu akaongeza kwamba wezi nao lazima wapige hodi mara mbili.

Honi hakuwa anacheka tena.

— Aliniambia hajawahi kulala mbali naye hata usiku mmoja, alisema.

Muda wote huo Vaine, aliyetoka mapema dukani na chai yake, alikuwa amekaa ncha ya benchi. Ni mama mgeni kijiweni, ameanza kazi ya kuoka mikate wiki hii, na kwao ni Mangaia, kisiwa cha nchi ile ile. Alikuwa amesikiliza kwa heshima upuuzi wetu wote, hata ule wa damu. Akamgeukia Honi.

— Na wa kwako, mama, unamwachia nani?

Ted yuko makaburini kule mlimani, upepo unakopiga zaidi. Chumvi ya bahari hulila jiwe la kaburi, na Honi hupanda kila Jumapili kulisugua, mvua au jua. Mji mzima unajua. Hakimu akaangalia ndani ya kikombe kama kuna sheria humo. Mimi nikaangalia bandarini.

— Ndiyo maana sijampa jibu, alisema Honi polepole.

Mrefu akajifuta pua.

— Ted yuko upande gani pale?

— Lakini si nyinyi mlimbeba?

— Nilishika nyuma. Nilichoona ni mgongo wa Hakimu tu.

Honi akacheka, halafu akajifuta macho kwa skafu. Akasimama.

— Inukeni, niwaonyeshe.

Hakimu akalalamikia goti, akainuka. Tukapanda mlima tukihema, upepo ukitusukuma vifuani. Nyuma ya jiwe Honi alikuwa na brashi na chupa ya maji. Akatuelekeza: brashi laini, anza juu, usisugue herufi kwa nguvu zitafutika. Kisha akanipa mimi kwanza.

Nikapiga magoti. Moyo uliniuma kweli, maana nilijua wazi nikilisafisha vizuri, Honi anaondoka. Nikalisafisha vizuri.